Wafumaji ni watu wa namna gani? Tabia, imani na hulka za wapenda sindano na uzi

Wanajukwaa, salaam.

Mara nyingi humu nimesoma michango inayozungumzia kufuma kana kwamba ni kazi ya kupotezea muda, ya bibi aliyestaafu au ya mjamzito anayesubiri siku zake. Ninaleta mada hii kwa sababu naamini wafumaji hawaeleweki vizuri, na anayewadhania kuwa ni watu wapole wenye subira tu hajawahi kukaa nao karibu siku ambayo kazi imekwenda kombo. Ninazungumzia hasa wanaofuma kwa sindano mbili: masweta, kofia, soksi na shali za watoto. Wenzetu wa kroshia, ambao vitambaa vyao vya makochi vimepamba sebule nyingi za Afrika Mashariki, ni ndugu zetu wa karibu na mengi nitakayoyasema yanawahusu, ila wao wana bahati moja: huwa na kitanzi kimoja tu kilicho wazi kwa wakati mmoja, ilhali mfumaji wa sindano mbili huwa na vitanzi mia na zaidi vinavyoweza kumponyoka kwa pamoja.

Hoja yangu ni kwamba hulka ya mfumaji huonekana pale anapofumua.

Asiyeifahamu kazi hii aelewe kwanza jinsi inavyojengwa. Vitanzi hupangwa kwenye sindano, na kila kitanzi hushikwa na kile kinachopitishwa ndani yake katika mstari unaofuata. Kitanzi kimoja kikichomoka bila kuonekana, hakitulii pale kilipochomokea. Kinashuka mstari hadi mstari na kuacha nyuma yake nyuzi zilizolegea mfano wa ngazi. Hiyo ni ajali ndogo. Mwenye uzoefu huchukua sindano ya kroshia, akakinasa kitanzi kule chini, akakipandisha hatua kwa hatua hadi kikarudi mahali pake, na kazi ikaendelea. Mtihani wenyewe ni lile kosa ambalo halichomoki wala halidai chochote: umefika usawa wa kwapa, unaiinua kazi kuitazama, unakuta kwamba mistari thelathini chini kuna msokoto (pambo la vitanzi vilivyopishanishwa mfano wa kamba) mmoja uliopinda kulia wakati wenzake wote wamepinda kushoto. Vazi halitaachana na hakuna mtu njiani atakayekusimamisha kukuuliza. Wewe ndiye unayejua.

Hapo wafumaji hugawanyika. Wapo wanaojiambia kwamba halionekani, wakaendelea, na kisha kila wanapolivaa vazi hilo jicho linakwenda palepale. Wapo wanaoachia kwa makusudi vitanzi vya msokoto ule tu, wakavishusha mistari yote thelathini na kuvipandisha upya kwa mpangilio sahihi huku sehemu nyingine za kazi zikibaki salama kwenye sindano. Hawa wana moyo wa daktari wa upasuaji na ninawaheshimu sana. Na wapo wanaochomoa sindano zote na kuvuta uzi.

Nilimwona mama mmoja wa kundi hili la mwisho kwenye foleni ya kliniki ya watoto, huko nyanda za juu ambako asubuhi ya mwezi Julai huwezi kutoka nje bila kitu cha kujisitiri na baridi. Alikuwa amekaribia shingo ya kijisweta cha rangi ya maziwa. Akasimama, akakigeuza, akahesabu vitanzi kwa ncha ya sindano huku midomo ikicheza bila sauti, akahesabu tena. Kisha akachomoa sindano na kuanza kuvuta, mstari baada ya mstari, akiuzungushia uzi kwenye vidole vyake vinne. Jirani yake akashika kifua: "Jamani dada, mbona unaharibu?" Akajibu bila kuinua macho kwamba bega la kushoto lingekuwa pana kuliko la kulia, na kwamba yeye hawezi kumpa mtoto kitu cha namna ile. Alipoitwa jina lake kuingia ndani, bega zima lilikuwa limekwisha kuwa donge la uzi, na hakuonekana kuwa na huzuni yoyote.

Watu wengi wangeiita hiyo subira. Mimi naona ni kitu kikali zaidi. Mwenye subira huvumilia, na yule mama hakuwa tayari kuvumilia tofauti ya vitanzi vichache ambavyo mtoto mwenyewe asingevijua. Alichokuwa nacho ni kutokuona aibu kurudi nyuma mbele za watu, na hiyo ni tabia ambayo kufuma humjengea mtu polepole, kwa sababu uzi ni miongoni mwa malighafi chache zinazokuruhusu kurudi mwanzo kabisa. Fundi cherehani akikosea kukata kitambaa, kimekatika. Seremala naye hawezi kuurudisha ubao aliokwisha kuukata. Mfumaji hurudishiwa uzi wake karibu wote, umejikunjakunja kidogo tu, na ukiloweshwa na kukaushwa unanyooka. Ndiyo maana wapo mafundi wanaonunua sweta la mtumba lenye uzi mzuri, wakalifumua lote na kupata uzi wa kufumia vitu viwili vya mtoto.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii ni hesabu. Chukua maelekezo yanayosema kwamba katika sentimita 10 za upana kunatakiwa kuwe na vitanzi 22. Kwa sweta la kifua cha sentimita 100 utaanza na vitanzi 220. Sasa tuseme mkono wako unabana kidogo, hata usione kwa macho, na unapata vitanzi 24 katika sentimita 10. Vitanzi vyako 220 vitakupa sweta la sentimita 92 hivi, ambalo litambana mlengwa. Ukiwa na mkono mlegevu ukapata 20, litatoka la sentimita 110. Uzi ni uleule, sindano ni zilezile, maelekezo ni yaleyale. Kwa hiyo mfumaji makini hufuma kwanza kipande cha sampuli, akakiosha, akakikausha, akakipima kwa rula, ndipo akaanza kazi yenyewe. Ninasema "mfumaji makini" kwa sababu kukwepa sampuli ndiyo tabia mbaya iliyoenea kuliko zote miongoni mwetu. Watu wenye akili timamu, wanaotunza fedha za vikundi kwa senti, hukataa kutumia jioni moja kufuma sampuli na badala yake hutumia wiki kadhaa kufuma sweta lisilomtosha mtu yeyote.

Hali ya mkono haitofautiani kati ya mtu na mtu pekee. Hubadilika ndani ya mtu mmoja. Ukiwa na hasira unabana, ukiwa na usingizi unalegeza. Mzoefu akikunjua kazi yake ya zamani anaweza kukuonyesha mstari ambapo habari mbaya ilimfikia.

Katika suala hili la hesabu ninamheshimu sana Elizabeth Zimmermann, mwanamke aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910, akahamia Marekani na kuishi Wisconsin hadi alipofariki mwaka 1999. Alifundisha kwa vitabu na kwa televisheni, na mchango wake mkubwa ulikuwa kuwatoa wafumaji katika utumwa wa maelekezo ya watu wengine. Alipanga sweta zima kwa asilimia: ukishajua idadi ya vitanzi vya mzunguko wa mwili, hiyo ndiyo mia, mwanzo wa mkono kwenye kifundo cha kiganja ni kama asilimia 20 ya hiyo, na sehemu ya juu ya mkono ni kama theluthi. Kwa kipimo kimoja na hesabu hizo, mtu anaweza kumfumia mtoto, mumewe au baba mkwe bila kununua karatasi yoyote. Hulka anayoiwakilisha, ya mfumaji anayetaka kuelewa kwa nini badala ya kuambiwa fanya hivi, ninaikuta kwa mafundi wengi wa kwetu ambao hawajawahi kusikia jina lake. Humwangalia mtoto mara moja, wakapima mgongo wake kwa shubiri, wakaanza.

Na kwa kuwa hesabu ni jambo zito, kuna adabu yake. Mfumaji anayehesabu hasemeshwi. Katika vikundi vya akina mama, mmoja akianza kunong'ona namba, wenzake hunyamaza bila kuambiwa mpaka afike mwisho wa mstari. Aliyeolewa na mfumaji, au aliyeoa mfumaji, huwa amejifunza jambo hili mapema.

Naendelea kutoka pale nilipoishia, maana ujumbe mmoja haukutosha.

Wafumaji hawapendi mikono ikae bure, na tabia hii ina historia nzito kuliko inavyodhaniwa. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti, wanawake walifuma wakiwa wanatembea. Walivaa mshipi wa ngozi wenye kibweta kilichoshindiliwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja ilichomekwa hapo ikasimama yenyewe, na mikono ikawa huru kufuma kwa kasi huku mgongoni wamebeba kapu la udongo wa kinamasi uliokaushwa, ambao ndio uliokuwa kuni zao. Wafanyabiashara waliwalipa kwa chai, nguo na bidhaa nyingine za dukani badala ya fedha, hali iliyofikia kiwango cha tume ya serikali kuchukua ushahidi wa wanawake hao mwaka 1872. Halafu mwaka 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Edward VIII, alivaa hadharani sweta la rangi nyingi la Fair Isle, kimojawapo cha visiwa hivyo, kwenye mchezo wa gofu huko St Andrews, na mtindo huo ukasambaa kwa matajiri. Ninayataja haya pamoja kwa sababu ni kazi ileile ya mikono ileile.

Wasomaji wa Kenya hawatashangazwa na picha ya mwanamke anayefanya kazi ya uzi huku anatembea na mzigo mgongoni. Wanawake wa Kikuyu na Kikamba wamesuka viondo vyao kwa namna hiyo kwa vizazi vingi, wakisokota nyuzi mapajani wanapopumzika na kusuka wakiwa njiani kwenda sokoni. Kiondo husukwa na hakifumwi, lakini tabia ya mwenye kazi ni moja: njia ndefu na mazungumzo havimzuii, na mwisho wa safari kuna kitu kilichoongezeka.

Leo mikono hiyo utaikuta mikutanoni, kwenye mabasi na kwenye vyumba vya kusubiria wagonjwa. Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza, alionekana na dunia nzima akifuma jukwaani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na medali yake ya dhahabu akaifumia kimfuko isikwaruzwe. Wako waliodhani anapuuza mashindano. Mfumaji yeyote angewaeleza kwamba mikono ikiwa na kazi inayojirudia, masikio na macho huwa huru zaidi. Mtu husikiliza vizuri. Nasikitika kila ninapoona mwenyekiti wa kikao anamtaka mama aweke sindano chini ili "awe makini", wakati aliyesinzia pembeni haambiwi kitu.

Kuhusu wanaume, kwa kuwa najua swali litakuja. Katika miji mingi ya Ulaya, kabla ya viwanda, kufuma kulikuwa kazi ya vyama vya mafundi ambavyo wanachama wake walikuwa wanaume, na katika baadhi ya miji ya Ulaya ya kati mtu aliyetaka kutambuliwa kuwa fundi mkuu alitakiwa, pamoja na mambo mengine, kufuma zulia kubwa la rangi nyingi lenye maua na picha. Huko Taquile, kisiwa kilichomo katika Ziwa Titicaca nchini Peru, hadi leo wanaume ndio wanaofuma kofia zenye masikio, na wavulana huanza wakiwa wadogo. Rangi na mpangilio wa kofia humtambulisha aliyeoa na asiyeoa. Husimuliwa pia kwamba kijana anayetaka kuposa hupimwa kwa kofia aliyoifuma: ikijazwa maji isivuje haraka, mkono wake umebana vya kutosha kuaminiwa. UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwa hiyo kijana wa Njombe au Limuru anayefuma asichekwe. Mwenye kumcheka ndiye asiyejua historia.

Kwetu kufuma kwa sindano mbili kulikuja kwa sehemu kubwa kupitia shule za misheni na madarasa ya wanawake. Nchini Kenya, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, vilifundisha kufuma pamoja na kushona na kupika. Kuna hoja nzito kwamba mafunzo hayo yalilenga kumbakiza mwanamke nyumbani, na sina sababu ya kuipinga. Ninachoongeza ni kwamba wanawake wengi waliochukua sindano zile hawakubaki walipowekwa: waligeuza ujuzi ule kuwa biashara ya masweta ya shule, wakanunua mashine za kufumia za kusukuma kwa mkono, na ada za watoto zikalipwa.

Sasa tuje kwenye imani, ambazo ndizo zilizonisukuma kuandika.

Imani iliyoenea zaidi duniani miongoni mwa wafumaji ni kwamba ukimfumia mchumba sweta kabla ya ndoa, uchumba utavunjika. Huko Marekani na Ulaya imani hii huzungumzwa kwa uzito ambao humshangaza mgeni. Mimi siamini kwamba uzi una laana, lakini naamini wanaoshika imani hii wameona jambo la kweli. Sweta la mtu mzima ni makumi ya maelfu ya vitanzi. Huchukua wiki nyingi za jioni, na mara nyingine miezi, muda ambao uchumba wa vijana wengi haufiki hata pasipo sweta. Zaidi ya hapo, aliyepewa anapolifungua anaona ndani yake mtu aliyekwisha kuamua, na kama yeye hajaamua, anaogopa. Naye mfumaji anakaa akimtazama: amelivaa mara ngapi? Amelikunja au amelitupa kwenye kiti? Kipimo kile hakuna uchumba mchanga unaoweza kukibeba. Ushauri wa wakubwa, wa kuanza na kofia, kisha skafu, na sweta lisubiri ndoa, una busara kubwa.

Ipo pia imani kwamba mfumaji akiufuma unywele wake mmoja ndani ya vazi, atakayelivaa atafungamana naye. Na ipo ile inayosema lazima uache kosa moja la makusudi kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu. Hiyo ya pili naiheshimu, na sioni kwamba inapingana na yule mama wa kliniki. Alifumua kwa sababu bega lingemharibia mtoto mkao wa nguo. Kitanzi kimoja kilicholegea karibu na kifungo nina hakika alikiacha kama kilivyo.

Katika familia nyingi za kwetu kuna mwiko wa kuandaa hadharani nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Mwiko huu humgusa mfumaji moja kwa moja, kwa sababu seti ya kijisweta, kofia na soksi haiwezi kufumwa kwa siku moja ya kurudi kutoka hospitali. Nimewafahamu wafumaji wanaoifuma seti nzima vipande vipande, wakaviweka chini kabisa ya kapu, wakaacha kuunganisha na kutia vifungo mpaka wasikie kwamba mama na mtoto wako salama. Hawasemi ni kwa ajili ya nani. Ukiwauliza watakwambia wanafanya mazoezi. Katika imani zote hii ndiyo inayonigusa zaidi, maana ndani yake mtu anashika heshima ya wazee kwa mkono mmoja na kwa mwingine anahakikisha mtoto hatapigwa na baridi siku yake ya kwanza.

Imani moja ningependa iachwe. Inasemwa sana kwamba masweta ya visiwa vya Aran nchini Ayalandi yalikuwa na mapambo ya kila ukoo, ili mvuvi akifa maji atambuliwe kwa sweta lake. Hakuna ushahidi wa mapambo ya koo. Chanzo kinachotajwa ni tamthilia ya mwandishi wa Ayalandi, J. M. Synge, ya mwaka 1904, ambamo dada wa mtu aliyezama anaitambua soksi kwa kuwa ndiye aliyeifuma na anakumbuka vitanzi alivyovidondosha. Angalieni tofauti. Katika tamthilia, kinachomtambulisha marehemu ni kosa la mkono wa dada yake, na hilo kila mfumaji analijua kuwa kweli, kwa sababu tunazijua kazi zetu hata zikiwa zimechakaa. Masimulizi ya ukoo yaliyosaidia kuuza masweta yamemfuta dada yule, pamoja na wanawake halisi wa Aran walioyabuni mapambo hayo katika karne ya 20 ili wapate kipato.

Watu wasiofuma nao wana imani zao juu yetu. Charles Dickens, katika riwaya yake ya mwaka 1859 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, alimchora mwanamke anayefuma kimya huku akiandika kwa vitanzi majina ya watakaouawa. Nadhani picha ile ilikaa vichwani mwa wasomaji kwa sababu kuna kitu kinachowatia watu wasiwasi katika mwanamke aliyekaa pembeni, anayehesabu jambo ambalo hawalijui.

Nimesoma michango yenu, na ninajibu machache.

Dada uliyeuliza kama ni kweli kufuma kunatuliza akili: mwaka 2013 ulichapishwa nchini Uingereza utafiti uliokusanya majibu ya wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali, na waliofuma mara kwa mara zaidi ndio waliosema zaidi kwamba hujisikia watulivu na wenye furaha. Ila tuwe waangalifu. Waliojibu walikuwa wafumaji wenyewe kwa hiari yao, na huenda mtu mtulivu ndiye anayepata nafasi ya kufuma mara nyingi. Kwa ninavyoona, kufuma humsaidia mwenye wasiwasi kwa kumpa jambo dogo lenye mwisho unaoonekana, lakini anayeumwa sonona apelekwe kwa mtaalamu, asipewe sindano za kufumia peke yake.

Mkuu uliyelalamika kwamba mkeo amejaza kabati nyuzi asizozitumia: tabia hiyo ni ya dunia nzima. Kununua uzi na kuufuma ni mapenzi mawili tofauti. Donge jipya bado halina kosa lolote, na mwenye nalo humwona ndani yake kila mtu anayempenda amevaa kitu. Kwenye Ravelry, mtandao wa wafumaji uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye mamilioni ya watumiaji, kuna sehemu maalumu ya mtu kuorodhesha nyuzi alizolimbikiza, na haikuwekwa kwa ajili ya watu wachache. Zungumzeni bajeti, hilo ni haki yako. Usimtake auze.

Aliyesema mashine imeimaliza kazi ya mkono, ajue kwamba wasiwasi huo una zaidi ya miaka mia nne. William Lee wa Calverton, karibu na Nottingham, alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na husimuliwa kwamba Malkia Elizabeth I alimnyima hataza (haki ya mvumbuzi) kwa kuwahurumia wafumaji wa mkono. Mashine ilishinda sokoni, kweli, lakini watu hawakuacha. Wanafuma kwa sababu zisizohusiana na kasi: kampeni iitwayo "Mablanketi 67 ya Siku ya Mandela", iliyoanza Afrika Kusini mwishoni mwa 2013 kwa kumbukumbu ya miaka 67 ya utumishi wa Nelson Mandela, ilikusanya maelfu ya mikono, na huko Phillip Island, Australia, wafumaji walituma visweta vya pengwini waliochafuliwa na mafuta baharini, ili wasidonoe manyoya yao na kumeza sumu kabla ya kuoshwa. Ukimwambia mfumaji kwamba mahali fulani kuna kiumbe anayepigwa na baridi, hatalala kabla hajauliza vipimo.

La mwisho ni kwa wale watatu waliouliza jinsi ya kumwomba mfumaji awafumie. Usianze na maneno "wewe si unajua, nifumie tu". Nunua uzi wewe, tena umwachie achague aina. Usimlinganishie bei na sweta la mtumba. Saa zake hazikuwekwa kwenye bei ya mtumba. Ukubali kupimwa, na ukubali kurudi kupimwa tena. Ukishapewa, uliza limefumwa kwa uzi gani. Likiwa la sufu, lioshe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, lianikwe likiwa limelazwa, kwa sababu maji ya moto na kusugua hulifanya ligandamane na kupungua, na hapo hata aliyelifuma hawezi kulifumua tena. Likiwa la akriliki, ambalo ndilo utakalolipata mara nyingi madukani kwetu, linavumilia kufuliwa, ila pasi ya moto hulilegeza na haliwezi kurudi hali yake. Na ulivae. Mfumaji anaposikia kwamba umelihifadhi sandukuni ili lisichakae, atashukuru kwa adabu, lakini la pili hutalipata.

Karibuni kwa michango zaidi, hasa mafundi wa Makete na Nyahururu mliosema mtaleta picha za misokoto yenu.